Protini za 14-3-3: Zinazuia au Zinaamsha?

Swali la msomaji: Mimi ni mwalimu wa biolojia wa kidato cha tano na sita hapa Kigoma, upande wa Ujiji. Tulipokuwa kwenye mada ya insulini, mwanafunzi mmoja alinijia na karatasi aliyochapisha kutoka intaneti, inayotaja "protini za 14-3-3". Karatasi inasema protini hizi huzuia protini nyingine zisifanye kazi. Nilipotafuta mwenyewe nikakuta pengine imeandikwa kwamba huziamsha. Zinafanya nini hasa ndani ya seli ya binadamu? Kwa nini zimepewa jina la namba? Na kama ni muhimu hivyo, mbona hatusikii ugonjwa wa 14-3-3 kama tunavyosikia selimundu?

Jibu: Mwalimu, nipelekee hongera kwa huyo mwanafunzi. Karatasi yake haikudanganya, na ulichokikuta wewe nacho ni kweli. Protini zile zile huzuia hapa na kuamsha pale, na ipo protini moja ambayo hufanyiwa yote mawili, kwanza hili halafu lile. Nitakueleza zinavyoshika, kisha utaona mwenyewe kwamba hakuna ugomvi kati ya karatasi hizo mbili.

Jina kwanza, maana linawatisha watu bure. Mwaka 1967 watafiti wawili, Moore na Perez, walikuwa wanachambua protini zinazoyeyuka kutoka kwenye ubongo wa ng'ombe. Walipitisha mchuzi wa ubongo kwenye safu ya kuchujia, wakakusanya kinachotoka kwa mafungu yenye namba, kisha kila fungu wakalisukuma kwa umeme ndani ya jeli ya wanga. Protini hizi zilitoka kwenye fungu la 14, na kwenye jeli zikasimama mahali palipopewa namba 3.3. Basi. Kazi yake haikujulikana, ikabaki namba ya rafu iliyookotwa. Walichoweza kuona ni kwamba zilikuwa nyingi mno: katika ubongo, karibu asilimia 1 ya protini zote zinazoyeyuka ni hizi. Kitu kilichojaa hivyo hakikai bure.

Sisi binadamu tunazo saba, kila moja na jeni lake: beta, gama, epsiloni, zeta, eta, teta na sigma. Zinafanana sana, kama watoto wa tumbo moja. Kila moja ina asidi amino zipatazo 250, vile vipande vidogo vinavyoungana kuwa mnyororo wa protini. Na hapa ndipo penye jambo la kwanza la kuwaambia wanafunzi: 14-3-3 si kimeng'enya. Haikati kitu, haiungi kitu, haichomi sukari. Kazi yake ni kushika.

Nimezaliwa Tabora, na baba yangu alikuwa mtu wa reli. Wewe unayekaa mwisho wa reli unajua kwamba Tabora ndipo njia inapogawanyika, moja ikija kwenu Kigoma, nyingine ikipanda Mwanza. Nikiwa mdogo nilikuwa nampelekea chakula cha usiku, nikamkuta anapita kando ya mabehewa ya mizigo na taa mkononi, chaki mfukoni. Kwenye ubavu wa behewa anaandika alama moja, anasonga mbele. Nilidhani chaki ile ndiyo inayoamua behewa liende wapi. Siku moja akaniambia: chaki haijawahi kusogeza behewa hata hatua moja. Behewa husogea kwa sababu yuko mtu anayekuja nyuma, anayeijua alama hiyo, naye ndiye anayelifunga kwenye treni au kuliacha kwenye njia ya pembeni.

Ndani ya seli chaki hiyo ni fosfeti. Ni kikundi kidogo chenye chaji hasi, kinachobandikwa juu ya asidi amino ya serini au treonini kwenye protini fulani. Wanaobandika ni vimeng'enya vinavyoitwa kinasi, na binadamu ana zaidi ya 500. Wanaobandua ni fosfatesi, kama kitambaa chenye maji kinavyofuta ubao. Kwa miaka mingi tuliwafundisha wanafunzi kwamba fosfeti yenyewe ndiyo swichi: ikibandikwa protini inawaka, ikibanduliwa inazima. Kwa baadhi ya protini ni hivyo kweli, maana fosfeti huzipinda umbo. Lakini kwa nyingine nyingi fosfeti ni chaki tupu, na lazima awepo msomaji. Mwaka 1996 ilithibitishwa kwamba 14-3-3 ni msomaji wa aina hiyo: huishika serini ikiwa na fosfeti, na isipokuwa nayo, kwa kawaida huiacha ipite.

Tusogee karibu zaidi, maana uzuri wake uko kwenye vipimo vidogo. Kila 14-3-3 imejengwa kwa heliksi tisa, yaani vipande vya mnyororo vilivyojiviringisha kama springi, zilizosimama bega kwa bega na kutengeneza mfereji katikati. Ndani ya mfereji wa zeta kuna asidi amino nne, na namba ni nafasi ya kila moja kwenye mnyororo: lisini ya 49, arginini ya 56 na arginini ya 127, zote zenye chaji chanya, na tairosini ya 128 pembeni yake. Fosfeti yenye chaji hasi ikiingia hapo, hizo nne zinaikamata kama vidole vinavyokamata tonge. Mfereji hausomi fosfeti peke yake. Husoma na jirani zake: hupenda kukuta arginini nafasi tatu kabla ya serini ile, na mara nyingi prolini nafasi mbili baada yake, inayoupinda mnyororo na kuutoa nje ya mfereji.

Tena 14-3-3 haitembei peke yake. Hukaa mbili mbili, zimeshikana, ndugu na ndugu wa aina moja au wa aina tofauti. Jozi hiyo nitaiita pacha. Kwa hiyo kila pacha ana mifereji miwili, ana mikono miwili. Na pacha huyo ni mgumu, halegei. Anapokamata protini laini sehemu mbili kwa pamoja, anayejipinda ni mgeni, siyo yeye. Mwalimu, ukiwaeleza wanafunzi mambo mawili tu, waeleze haya: anasoma alama, na ana mikono miwili migumu. Mengine yote yanatoka hapo.

Sasa turudi kwenye insulini. Umekula ugali wa muhogo na migebuka jioni. Wanga wa muhogo unakuwa glukosi, glukosi inapanda kwenye damu, kongosho linatoa insulini. Insulini inafika kwenye seli ya ini, inagusa kipokezi kwenye utando, na haiendi mbali zaidi kutoa amri. Kipokezi kinaamsha mnyororo wa ndani unaoishia kwenye kinasi inayoitwa AKT. Huyu ndiye mwenye chaki.

Ndani ya kiini cha seli ya ini wakati wa njaa kuna protini inayoitwa FOXO1. Imekaa juu ya DNA na inawasha jeni za kutengeneza glukosi mpya, ili ubongo wako usikose chakula usiku. Kazi nzuri, lakini umeshakula. Ini likiendelea kutengeneza sukari, damu itafurika. AKT inaipaka FOXO1 alama sehemu tatu, kwenye asidi amino ya 24, ya 256 na ya 319. Mbili za kwanza ndizo hasa 14-3-3 inazozisoma. Pacha wetu anakuja, mkono mmoja kwenye 24, mwingine kwenye 256. Angalia 256 iko wapi: mwisho wa sehemu inayogusa DNA, na papo hapo ndipo palipo na anwani ya kuingilia kwenye kiini. Kwa kushika pale tu, 14-3-3 imefanya mambo mawili. FOXO1 haiwezi tena kukamata DNA vizuri, na anwani yake ya kurudi kwenye kiini imefunikwa. Anwani ya kutokea haijafunikwa. Kwa hiyo inatoka nje, na ikishatoka hairudi mpaka fosfeti ibanduliwe.

Hakuna kilichovunjwa wala kilichotengenezwa upya. FOXO1 nzima iko pale nje ya kiini kama behewa lililoachwa njia ya pembeni, na mzigo wake wote ndani. Ukikaa na njaa tena, insulini ikishuka, fosfatesi zinafuta chaki, mkono unaachia, FOXO1 inarudi kazini. Yote haya yanakwenda kwa dakika. Kama seli ingelazimika kuunguza FOXO1 na kuijenga upya kila unapokula na kulala, ingetumia muda na nguvu nyingi mno. Mimi binafsi ndicho ninachokipenda kuliko vyote katika familia hii: zinabadilisha maamuzi ya seli kwa kuhamisha mahali tu.

Hapo utasema 14-3-3 imezuia. Sawa. Lakini chukua seli ya msuli, chakula kile kile, insulini ile ile. Kwenye msuli kuna vifuko vilivyobeba GLUT4, mlango wa glukosi, vikiwa vimehifadhiwa ndani. Vinazuiliwa visipande kwenye utando na breki inayoitwa TBC1D4. AKT inaipaka breki hiyo alama, 14-3-3 inaishika, breki inaacha kufanya kazi, vifuko vinapanda, milango inafunguka na glukosi inaingia. Mwanafunzi akiangalia breki ataandika "14-3-3 imezuia". Akiangalia mlango ataandika "14-3-3 imeamsha". Wote wawili wameona usiku mmoja, seli moja. Naamini karatasi nyingi zinazokuchanganya zimetokana na hilo, kila mwandishi akitazama hatua yake.

Lakini si kila mara ni suala la pa kutazamia. Iko protini RAF, ambayo hupokea amri ya kukua na kugawanyika kwa seli kutoka kwa nyingine iitwayo RAS. Hapa 14-3-3 inazuia kweli, na inaamsha kweli.

RAF inapokuwa imepumzika ina fosfeti mbili za kutazama, moja kwenye serini ya 259, nyingine karibu na mkia, kwenye serini ya 621. Pacha wa 14-3-3 amezikamata zote mbili, mkono huku, mkono kule, na kwa kuwa hajipindi, RAF imekunjika mara mbili kama mkeka. Ikiwa imekunjwa hivyo, kichwa chake cha kazi kimefichwa na haiwezi kufanya kitu. Amri ikija, RAS inaivuta RAF kwenye utando, na fosfatesi inabandua ile fosfeti ya 259. Mkono mmoja wa 14-3-3 unabaki mtupu. Mkono wa pili bado umeshika 621.

Mkono mtupu hufanya nini? Hushika 621 ya RAF nyingine iliyoko jirani. Sasa pacha yule yule, aliyekuwa ameikunja RAF moja, ameziunganisha RAF mbili ubavu kwa ubavu, na RAF zikikaa mbili mbili ndipo zinapowaka. Mwaka 2019 picha za hadubini ya elektroni, zilizopigwa protini zikiwa zimegandishwa kwenye baridi kali, ziliionyesha ndugu yake BRAF katika hali zote mbili, imefungwa na imeunganishwa, na 14-3-3 ikiwa katikati kila mara. Nilipoziona picha zile nilikaa kimya muda mrefu. Miaka yote tulikuwa tunabishana kama 14-3-3 ni rafiki wa RAF au adui wake.

Na hapa pana jibu la sehemu ya swali lako kuhusu ugonjwa. Kuna watoto wanaozaliwa na hali inayoitwa sindromu ya Noonan: kimo kifupi, uso wenye sura yake, na mara nyingi moyo wenye kasoro. Mwaka 2007 ilibainika kwamba baadhi yao wana badiliko kwenye RAF, asidi amino moja tu, kwenye majirani wa ile serini ya 259. Alama haisomeki tena vizuri. 14-3-3 haishiki hapo, RAF inakunjuka bila kuamriwa, na kwa wengi wa watoto hao ukuta wa moyo hunenepa. 14-3-3 yao ni nzima kabisa. Kilichoharibika ni maandishi aliyotakiwa kuyasoma.

Kazi nyingine nitazipitia haraka, maana zinafuata njia zile zile. Protini BAD, inayosukuma seli kujiua, ikipakwa alama hushikwa na 14-3-3 na seli inaendelea kuishi. DNA ikijeruhiwa, protini Cdc25C hupakwa alama kwenye serini ya 216, inashikwa, na seli inasimama kabla ya kugawanyika ili ipate muda wa kujitengeneza. Ndugu anayeitwa sigma ana habari yake: jeni lake huwashwa na p53, mlinzi maarufu wa DNA, na katika saratani nyingi za matiti jeni hilo hukutwa limezimwa. Kwenye ubongo, mwaka 1987 watafiti wa Japani waliona 14-3-3 zikiamsha vimeng'enya viwili, kimoja cha njia ya dopamini na kimoja cha njia ya serotonini. Ndiyo maana majina ya jeni sita kati ya saba huanza na herufi YWHA, kumbukumbu ya vimeng'enya hivyo. La sigma peke yake linaitwa SFN. Wabia, yaani protini zinazoshikwa na 14-3-3, wanaojulikana mpaka leo ni mamia, nami nisingemshauri mwanafunzi yeyote ajaribu kuwakariri.

Sasa mbona hakuna ugonjwa wa 14-3-3 kama selimundu? Hemoglobini ina kazi moja inayoonekana, na watu wazima wanategemea beta yake. Ikiharibika asidi amino moja, damu yote inaonyesha. 14-3-3 ziko saba na zinasaidiana. Ile hamira unayochachushia maandazi inazo mbili. Ukiiondolea moja inaishi, ukiiondolea zote mbili, aina nyingi za hamira hufa. Kwetu nako, ndugu mmoja akipungua wengine hubeba sehemu ya mzigo wake.

Lakini ugonjwa upo, Mwalimu. Mwaka 2017 walielezwa watoto wenye kifafa kinachoanza mapema na ukuaji wa akili unaochelewa, na sababu ikakutwa kwenye jeni la gama. Badiliko lililojirudia kwa watoto wasio ndugu liko kwenye arginini ya 132. Hesabu ya gama imetangulia kidogo. Arginini hiyo ni ile ile niliyokutajia kwenye zeta kuwa ya 127, kidole kimojawapo kinachokamata fosfeti ndani ya mfereji. Kidole kimoja. Kwa kuwa hukaa mbili mbili, ndugu mwenye mkono mbovu huenda anamfunga na ndugu mzima aliyeshikana naye.

Kuna jambo unaweza kulisikia hospitalini, nalo ningependa ulielewe sawasawa. Tangu mwaka 1996 kuna kipimo cha kutafuta 14-3-3 kwenye maji ya uti wa mgongo kwa mgonjwa anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, ule unaoharibu ubongo kwa kasi. Kuziona pale hakumaanishi kwamba ndizo zilizoleta ugonjwa. Zimejaa kwenye seli za ubongo, na seli hizo zikifa kwa wingi zinamwagika. Ndiyo maana hukutwa pia baada ya kiharusi na katika homa ya ubongo.

Mwisho, hamna maabara ya kuonyesha haya, lakini hamwihitaji. Nunua vibanio viwili vya nguo, vifunge mgongo kwa mgongo kwa uzi, vikaze visicheze. Huyo ni pacha wa 14-3-3. Kata ukanda wa karatasi wa urefu wa mkono, huo ndio FOXO1. Karibu na ncha moja bandika kipande cha karatasi nyekundu kuwa 24, na kuelekea katikati kingine kuwa 256. Juu ya hicho cha pili andika kwa kalamu "kiini". Mwambie mwanafunzi abane nyekundu zote mbili kwa pamoja. Ukanda utakunjika wenyewe, na neno "kiini" litapotelea ndani ya kibanio. Kisha mwondolee nyekundu moja, mwambie ni kinyume cha sheria kubana pasipo na rangi, na umwache auone ukanda ukining'inia kwa kibanio kimoja, ukiyumba, karibu kuanguka. Wakishaliona hilo, wape ukanda wa pili, waeleze kuwa hizi ni RAF mbili, na uwaulize ule mkono uliobaki mtupu utashika wapi.